Jeni Imebadilishwa Jina, Pepa Zake za Zamani Unazipataje?

Haya ni maneno niliyosema jana asubuhi kwenye kikao cha wakutubi wa vyuo vya afya na wanafunzi wa uzamili. Wengi mlibanwa na zamu za wodini hamkufika, kwa hiyo nayaweka yote kama yalivyotoka, zile picha za ukutani tu ndo nimeziacha.

Wakubwa zangu shikamooni. Wenzangu habari za asubuhi, na nyie vijana wa uzamili mambo vipi. Naomba itifaki izingatiwe tuingie kwenye mada moja kwa moja, manake muda tuliopewa ni mdogo na jambo lenyewe ni zito.

Nina swali. Ukiingia PubMed, ile hazina ya mtandaoni ya pepa za utafiti wa tiba, ukaandika jina la jeni, ukabonyeza, yakaja majibu, unajuaje kama yamekuja yote? Naona mnaangaliana. Ukiambiwa hakuna kitu kabisa, hapo una bahati, utastuka, utarudia. Ila ukiletewa pepa nyingi tu, za maana, zinahusu jeni yako kweli, utajuaje kwamba kuna lundo lingine limebaki nje kwa sababu limeandikwa kwa jina la zamani? Hutajua. Kompyuta haikwambii nimekuletea nusu, inakuletea nusu na kunyamaza, alafu wewe unaandika kwenye tasnifu kwamba tafiti kuhusu jambo hili ni chache. Chache kwa nani?

Ndugu zangu, jeni ikibadilishwa jina, pepa za zamani hazibadilishwi. Nalirudia hilo kwa sababu ndo mzizi wa yote nitakayosema: jeni inabadilishwa jina, pepa hazibadilishwi. Iliyochapwa mwaka 1976 itabaki na maneno ya 1976. Hakuna mtu anayepita kwenye majarida kufuta jina la zamani na kuandika jipya.

Sasa tuchukue jeni moja inayotuhusu sisi watu wa huku moja kwa moja. Mwaka 1950 kule Uingereza lilielezwa kundi jipya la damu, lilitokana na mgonjwa mmoja wa himofilia, ule ugonjwa wa damu kutoganda, aliyekuwa anaongezewa damu, kundi hilo wakalipa jina la ukoo wake, Duffy. Jeni yake ikaitwa FY. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake wakatoa pepa iliyokuja kuwa maarufu sana, kwamba watu ambao chembe zao nyekundu hazina Duffy hawashikwi na malaria ya vivax, aina mojawapo ya malaria, na watu hao ndo sisi wengi wa Afrika kusini mwa Sahara. Miaka ya 1990 wataalamu wakajua kwamba kile kitu cha Duffy kinashika kemokini, zile protini zinazoita seli za kinga, basi jeni ikapewa jina jingine, DARC. Miaka ya 2010 ukoo mzima wa vipokeaji hivyo ukapangwa upya, na jeni ile ile ikawa ACKR1. Hesabuni wenyewe: Duffy, FY, DARC, ACKR1. Jeni ni moja na haijahama, iko kromosomu ya 1 siku zote.

Yupo mwanafunzi alikuja mezani kwangu na ACKR1 yake, kaitoa kwenye kitabu kipya, kasachi vizuri, kapata pepa nyingi za saratani na uvimbe wa mishipa na mambo ya kinga, akaniambia mama, mbona malaria haimo? Malaria imo, imejaa tele, ila iko kwa jina la Duffy. Tulipoongeza Duffy na DARC ndo vikaanza kuonekana vitu vinavyomhusu, ikiwemo ripoti ya mwaka 2006 kutoka magharibi mwa Kenya iliyoonesha dalili kwamba vivax inapita hata kwa watu wasio na Duffy, na ile ya Madagascar ya 2010. Hivi unaandikaje kuhusu jeni hii ukiwa Afrika Mashariki bila ripoti ya Kenya? Na tungetafuta kwa FY peke yake tungeletewa mpaka habari za mwaka wa fedha, manake FY kwa Waingereza ni kifupi cha hicho pia.

Na msidhani hili ni la mitihani tu. Mwaka 2009 ilioneshwa kwamba ukosefu huo huo wa Duffy ndo unaofanya watu wengi wenye asili ya Afrika kuwa na seli nyeupe aina ya nyutrofili chache kuliko viwango vilivyopangwa kwa kuwapima watu wa kwingine. Hawaumwi, ndivyo walivyo. Sasa daktari asiyejua hilo anaweza kuona kipimo kiko chini akaahirisha dawa ya saratani ya mgonjwa ambaye hana tatizo lolote. Daktari huyo akitaka kusoma atafute neno gani? Duffy, DARC, au ACKR1? Atafute yote. Akitafuta moja atapata kipande, na kipande kwenye tiba kina gharama yake.

Sasa mtaniuliza, hawa wanaobadilisha majina wana shida gani? Mimi nawatetea, na nitawatetea hata mbele ya maprofesa wangu hapa ambao najua wamekasirika na jambo hili miaka mingi. Mwanzoni hapakuwa na utaratibu. Maabara moja inakuta kitu kwenye panya inakipa jina, nyingine inakikuta kwa binadamu inakipa jingine, nyingine kwenye kirusi cha kuku. Ile HER2 ambayo wagonjwa wetu wa saratani ya matiti wanapimwa, iliitwa neu kwa sababu ilitoka kwenye uvimbe wa neva wa panya, ikaitwa HER2 na waliokuwa wanatafuta ndugu zake kwa binadamu, na jina lake rasmi ni ERBB2 kwa sababu ya udugu wake na jeni ya kirusi cha kuku. Majina matatu ya haki kabisa, yaliyotolewa na watu makini. Jeni za binadamu zinazounda protini tu zinakaribia 20,000, sasa kila moja ikiwa na majina matatu au manne mtu atasoma nini? Ndo maana kuna kamati ya HGNC, inayosimamia jina moja rasmi kwa kila jeni ya binadamu. Bila wao tungekuwa pabaya zaidi. Na siku hizi wenyewe wanasema wazi kwamba hawataki kubadilisha ovyo majina ya jeni zinazotumika hospitalini, wanataka yatulie.

Ila ipo hali ambayo kutobadilisha ni hatari kuliko kubadilisha. Jeni moja kuwa na majina mengi ni usumbufu, lakini jina moja likiwa la jeni mbili hiyo ni hatari kweli, na hapa naomba mnisikilize kwa makini sana.

Kuna jina MLL2. Mwaka 2010 lilipigiwa kelele dunia nzima kwa sababu ilipatikana kwamba kuharibika kwa MLL2 kunasababisha ugonjwa wa Kabuki, ugonjwa ulioelezwa na madaktari wa Japani mwaka 1981, watoto wanazaliwa na sura yenye alama fulani, wanachelewa kukua, wanachelewa kujifunza, wengine moyo una kasoro. Hiyo MLL2 iko kromosomu ya 12. Sasa watu wa maabara za panya nao walikuwa wanaandika Mll2 miaka hiyo hiyo, na ya kwao siyo hiyo! Ya kwao ni jeni nyingine, ambayo kwa binadamu iko kromosomu ya 19. Alafu ikaja MLL4, nayo vivyo hivyo, kuna walioiita hivyo ile ya 12 na kuna walioiita hivyo ile ya 19. Mnaona balaa? Jeni mbili, majina mawili, na kila jeni imewahi kuvaa majina yote mawili.

Unasoma pepa imeandikwa MLL2 inafanya kazi hii na hii, unainukuu kwenye kazi yako ya Kabuki, kumbe walikuwa wanaongelea jeni nyingine kabisa. Hakuna atakayekustua, jina limefanana, mkaguzi wa jarida naye anaona jina limefanana. HGNC wakakata mzizi, ile ya kromosomu 12 ikawa KMT2D, ya kromosomu 19 ikawa KMT2B. Sawa kabisa. Na baadaye ikaonekana KMT2B ikiharibika inaleta distonia, watoto misuli inajikunja yenyewe, kutembea kunakuwa shida. Ugonjwa tofauti, mtoto tofauti, matibabu tofauti. Kwa hiyo ukitafuta Kabuki lazima uweke MLL2, huwezi kuiacha, manake pepa ya 2010 yenyewe imetumia jina hilo. Lakini ukishaiweka, kila pepa inayokuja ufungue uangalie: wanasema kromosomu gani? Ni binadamu au panya? Hilo mashine haikufanyii. Na hizi programu za akili mnemba ambazo nyote mnazo kwenye simu, zimesoma maandishi hayo hayo yaliyochanganyika, kwa hiyo ziulizeni majina ya zamani zikukumbushe, sawa, ila kuthibitisha uthibitishe mwenyewe kwenye kanzidata.

Hili la Excel nalipita haraka kwa sababu wengi mmelisikia. Kulikuwa na jeni zinaitwa SEPT1, SEPT2, MARCH1, DEC1. Ukiziandika kwenye Excel inadhani ni tarehe, SEPT2 inageuka 2-Sep, unahifadhi faili, unaliambatisha kwenye pepa yako, limechapwa. Watu walishalisema hilo tangu 2004. Mwaka 2016 watafiti wakapekua pepa 3,597 zenye orodha za jeni kwenye mafaili ya Excel wakakuta 704 zina makosa hayo, yani karibu moja katika kila tano. Jeni iliyogeuka tarehe haitafutiki tena, imepotea na haiachi alama. Mwaka 2020 HGNC wakatangaza kwamba ndani ya mwaka mmoja wamebadilisha majina 27 kwa sababu hiyo, SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1, DEC1 ikawa DELEC1, na Microsoft wao waliweka namna ya kuzima ule mgeuzo mwaka 2023. Wapo waliolalamika kwamba sayansi imeinamia programu ya ofisini. Mi nasema hapana, jina la jeni kazi yake ni kukufikisha kwenye jeni, lisipokufikisha libadilishwe. Ndo maana walibadilisha hata zile zilizofanana na maneno ya kila siku, CARS ikawa CARS1, SARS ikawa SARS1. Fikiria ulikuwa unatafuta jeni ya SARS mwaka 2003, au mwaka 2020! Ila kumbuka mzizi wetu: pepa za SEPT9 na kipimo chake cha saratani ya utumbo mpana hazijabadilika, ukiandika SEPTIN9 peke yake umeziacha nje.

Haya, tuje nyumbani, na hapa nitakaa kidogo. Kamati ya HGNC ni ya binadamu tu. Kimelea cha malaria kina utaratibu wake. Genomu ya Plasmodium falciparum, yani orodha nzima ya DNA yake, ilitoka mwaka 2002, kromosomu 14, jeni zaidi ya 5,000. Kazi waligawana vituo vitatu, Sanger kule Uingereza, TIGR na Stanford kule Marekani, na namba za jeni hazikufanana. Ya kwanza utaona PFE1150w, ile E ni kromosomu ya tano na w ni uzi upi wa DNA, nyingine utaona MAL7P1.27, nyingine PF13_0238. Baadaye zikapangwa upya zote kwa mtindo mmoja: PF3D7, alafu kromosomu, alafu namba. Ni vizuri sana. Lakini pepa zote za miaka ile kumi ya mwanzo, jedwali zote, mafaili yote, yamebaki na namba za zamani. Ile MAL7P1.27 ni pfcrt, jeni ya usugu wa klorokwini, leo ni PF3D7_0709000. PFE1150w ni pfmdr1, leo ni PF3D7_0523000. Zile mbili za usugu wa SP, dawa ya malaria tunayowapa wajawazito, dhfr ilikuwa PFD0830w na dhps ilikuwa PF08_0095. Nani hapa anazijua kwa kichwa? Mikono miwili. Nawapongeza hao wawili.

Na PF13_0238 je? Hiyo ndo K13, leo PF3D7_1343700. Kabla ya hapo ilikuwa jeni moja tu kati ya elfu tano, mpaka ikaja pepa ya 2014 ikaonesha kwamba mabadiliko yake ndo yanayoenda na usugu wa artemisinini kule Kambodia. Artemisinini ndo iko ndani ya dawa mseto tunayomeza wote. Kisha mwaka 2020 Rwanda wakaripoti mabadiliko yanayoitwa R561H, mwaka 2021 Uganda wakaripoti A675V na C469Y, na R561H iko Kagera kwetu. Hili halihitaji kuelezwa uzito wake kwenye ukumbi huu.

Sasa nenda utafute K13. Andika tu K13 uone. Utaletewa kirusi cha saratani ya Kaposi, manake nacho kina jeni inaitwa K13, na watu wa ngozi nao wana keratini ya 13. Alafu pepa za malaria zenyewe zinaandika K13, Kelch13, kelch 13 iliyoachanishwa, PfK13, pfkelch13, K13-propeller, kila kundi na mtindo wake. Mtu wa mpango wa malaria mkoani, ana wiki moja kuandika muhtasari kwa wakubwa wake, akichagua mtindo mmoja anaweza kukosa ripoti ya jirani yake tu wa ng'ambo ya mto Kagera. Ripoti imechapwa, iko wazi, ni bure kuisoma, na bado asiione. Hilo linaniuma, na ndo sababu nilikubali kusimama hapa leo.

Tufanyeje? La kwanza, kabla hujaenda PubMed, nenda HGNC kama ni ya binadamu, au PlasmoDB, kanzidata ya jeni za vimelea vya malaria, kama ni ya kimelea. Pale utakuta jina rasmi, majina rasmi ya zamani, na zile a.k.a zake zote. Ukiwa na orodha ndefu kuna sehemu pale HGNC unabandika majina yako yote kwa mkupuo inakwambia lipi limebadilika. Chukua yote uyaunganishe na OR ya herufi kubwa: ACKR1 OR DARC OR Duffy. Jina likiwa fupi au linafanana na vitu vingine, lifunge na neno la mada, K13 AND falciparum, basi Kaposi anatoka. Kumbuka pia PubMed inasoma kichwa, ikisiri na maneno muhimu, haifungui pepa nzima. Europe PMC inaingia mpaka ndani ya zile pepa zilizo wazi, kwa hiyo pita kote kuwili.

La pili ni namba. Kila mmoja wetu ana namba ya NIDA, umeolewa umebadilisha jina, umebatizwa, umesilimu, namba ni ile ile. Jeni nazo zina namba zao NCBI, kituo cha Marekani kinachoendesha PubMed, na namba zao HGNC, jina likibadilika namba inabaki. Ile Duffy ni 2532 pale NCBI. KMT2D ni 8085 na KMT2B ni 9757, hapo hata mtu akiandika MLL2, ukiona namba umejua ni nani. PubTator ya NCBI inajaribu kuzibandika pepa namba hizo, inasaidia sana, ila kwenye majina kama MLL2 nayo inabidi ikisie.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila anayeandika: weka namba. Na usiiweke kwenye jedwali la mwisho kwenye faili la kuambatisha, iweke kwenye ikisiri, manake ndo inayosomwa na mashine. Andika jina rasmi, jina la zamani linalojulikana, na namba, mstari mmoja tu. Wasimamizi wa tasnifu, naomba mlidai hili kwa wanafunzi wenu kama mnavyodai kibali cha maadili. Mhariri akikwambia ikisiri imezidi maneno, punguza kivumishi, acha namba.

Na sisi wakutubi tuna kazi ambayo hakuna wa kutufanyia. Nimesema pepa hazibadilishwi, kweli, lakini rekodi ya maktaba inaongezewa! Makabatini na kwenye hazina zetu za mtandaoni tuna tasnifu za miaka ambayo nchi ilikuwa inatoka kwenye klorokwini kwenda SP, na kutoka SP kwenda dawa mseto, vijana wetu walipima sampuli za Muheza, za Kilombero, za kila mahali, wakaandika kwa majina ya wakati wao. Nyingi hazipo PubMed na hazitakuwepo. Kuzifungua moja moja na kuongeza kwenye maneno ya utafutaji jina la sasa na namba ya sasa, bila kugusa alichoandika mwenyewe, hiyo ni kazi ya mikono yetu. Chuo chetu tumeanza na za malaria, na orodha ya majina ya zamani na mapya ninayo kwenye flashi hapa, atakayeitaka aje achukue wakati wa chai.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Tuanze na swali la yule dada wa nyuma kabisa, amenyoosha mkono tangu kwenye MLL2.